Kanzu Nyeupe na Kanga Mpya

Palikuwa na mama aliyemfokea binti yake siku ya Jumamosi, kwa sababu kanzu nyeupe ya kaka yake, iliyokuwa ya kuvaliwa kanisani kesho yake, ilitoka katika beseni ina mabaka mekundu. Binti akalia, na kanzu ikaanikwa juani vivyo hivyo. Mambo yote mawili yalikuwa makosa. Iliyochuja ni kanga mpya, na aliyeitia katika beseni moja na kanzu ni mama mwenyewe.

Watu wengi hudhani ya kuwa nguo nyeupe ikiisha kuingiwa na rangi ya nguo nyingine, basi imeharibika. Sivyo. Rangi iliyohama haijashika sana maadamu nguo ingali mbichi. Lakini nguo ikikauka, na zaidi ikipigwa pasi, kuiondoa huwa kazi kubwa. Yafaa kanzu itengwe mara moja, isuuzwe kwa maji safi, kisha ilowekwe saa nyingi katika maji ya sabuni, nayo yamwagwe na kutiwa mengine kila yaingiapo wekundu. Kazi hii yachosha, hasa mahali ambapo maji hutekwa mbali, wala si ajabu watu kutafuta njia fupi.

Wengine hutia chumvi. Lakini chumvi hutumiwa na watia rangi, kwa kuwa husaidia rangi nyingi kuingia katika pamba. Basi yeye atakaye rangi itoke atapata faida gani? Dawa ya klorini huiondoa kweli, ila ni ya pamba nyeupe tu, nayo itiwe kidogo katika maji mengi. Sufu na hariri huharibiwa nayo.

Kaniki iliyotiwa nili ina tabia yake. Nili haiyeyuki katika maji, lakini hubanduka kwa kusuguliwa, hata nguo ikiwa kavu. Kwa hiyo haifai kukunjwa pamoja na nguo nyeupe.

Mama yule angaliweza kulowesha ncha ya kanga na kuibana kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikipata wekundu, kanga sharti ifuliwe peke yake, hata mara ya tatu na ya nne. Ni jambo la dakika moja, na lampasa yule akusanyaye nguo, si mtoto aliyeagizwa kuzifua.