SUKARI KATIKA BIRIKA LA CHAMA

Bwana Mhariri,

Nakuomba nafasi kidogo katika karatasi hii niseme neno juu ya chai yetu ya saa nne. Wako watakaocheka kwamba karani ameacha habari za mishahara akaingia jikoni. Na wacheke, lakini chai hiyo yanunuliwa kwa michango ya wanachama wote, nao wako wanachama wasioweza kuinywa.

Sababu ni kwamba sukari hutiwa birikani huko huko jikoni, pamoja na maziwa na majani. Mwenye maradhi ya kisukari, aliyeagizwa na daktari ajizuie, hana ila mambo mawili: ama ainywe imdhuru, ama akae na bilauri ya maji huku wenziwe wakizungumza. Naye ametoa mchango sawasawa na sisi.

Tena sisi tulio wazima tusidhani tumesalimika. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari itiwayo katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isifikie sehemu moja ya kumi ya nguvu tuzipatazo kwa chakula, na ikishuka chini ya nusu ya hapo ni bora zaidi. Kwa mtu mzima nusu hiyo ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai kwa siku nzima. Hesabu mwenyewe: vikombe viwili, vijiko vitatu kila kimoja, na fungu lako limekwisha. Hujagusa andazi, wala ile soda ya mchana, ambayo mililita 330 zake zaweza kuwa na gramu 35.

Wengine husema kinywaji cha moto kisicho na sukari ni dawa ya wagonjwa. Ajabu! Kahawa ya barazani huku pwani hunywewa chungu, na kando yake kipande cha halua au tende chache. Utamu una mahali pake sahanini. Haumiminwi ndani ya dele.

Hoja moja siidharau. Wengi wetu huondoka nyumbani alfajiri pasipo kula, na kikombe kitamu na maandazi mawili ndiyo chakula chao cha kwanza. Haifai mtu aliyekwisha kula mayai kwake awahubirie hao. Basi fedha zitakazosalia kwa sukari zinunue mihogo ya kuchemsha, viazi, njugu na ndizi. Hazitatosha kila siku, najua.

Shauri langu ni kwamba Kamati, katika mkutano wake ujao, iamuru chai ipikwe bila sukari, na bakuli la sukari liwekwe mezani, kila mtu ajitilie. Apendaye vijiko vinne atie vinne, hapana atakayemhesabia. Ila kijiko kiwe cha chai hasa, si kile cha kupakulia wali kilichomo kabatini.

Mimi,
Karani Mwanachama