Mtoto amemaliza dozi, mbona kipimo bado kinaonyesha malaria?

Mtoto ana homa, anapimwa zahanati, mistari miwili inatokea. Anapewa dawa mseto ya siku 3, anapona. Wiki mbili baadaye homa inarudi, anapimwa tena, na mistari ni ileile miwili. Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, hivyo jambo hili linaweza kumkuta mzazi yeyote, awe Bukoba mjini au kijijini Muleba. Wapo wanaoamua kwamba dawa imeshindwa, wakakimbilia duka la dawa kununua nyingine.

Mzazi, usifanye haraka hivyo.

Kipimo cha haraka cha malaria, yaani mRDT, hakioni vimelea vyenyewe. Kinatafuta alama vinayoiacha kwenye damu, na kwa vipimo vingi alama hiyo ni protini iitwayo HRP2. Ndani ya kile kibao kuna chembe za dhahabu zilizobeba kingamwili. Ni chembe za nano, ndogo kiasi kwamba unywele mmoja ni mnene kuzidi chembe moja zaidi ya mara 1,000. Protini ikiwapo, chembe hizo huinasa, kisha hurundikana kwenye mstari wa kipimo. Dhahabu ikiwa ndogo hivyo huonekana nyekundu, na ndiyo rangi unayoiona.

Kasoro yake ni kwamba HRP2 hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa, hata baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo mstari wa pili unaweza kuwa mabaki ya malaria iliyokwisha, huku homa ya sasa ikitokana na nimonia au ugonjwa mwingine. Inawezekana pia ni malaria kweli, imerudi au ni mpya. Mstari peke yake hauwezi kutofautisha.

Ufanye nini? Mrudishe mtoto kituoni, usimtibu nyumbani. Mweleze mhudumu tarehe aliyoanza dawa, jina la dawa, na kama alitapika au aliruka dozi. Uliza kama anaweza kupimwa kwa darubini, kwani hiyo huonyesha vimelea vyenyewe.

Akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipumua kwa shida au akiwa mzito kuamka, usisubiri kukuche. Mwahishe hospitali.