Mtihani wa CompTIA A+: Kitabu cha bure kinaweza kumgharimu kijana wa Kongo kuliko kitabu kipya

Kwa vijana wa Kinshasa, Lubumbashi, Goma au Kisangani wanaotafuta kazi ya ufundi wa kompyuta, CompTIA A+ ni mojawapo ya vyeti vya mwanzo vinavyojulikana zaidi duniani. Lakini vitabu vingi vya matayarisho vinavyopitishwa kutoka simu moja hadi nyingine vinahusu mtihani ambao umekwisha kufungwa. Tarehe 25 Septemba 2025, toleo la Kiingereza lenye namba 220-1101 na 220-1102 liliondolewa. Linalofanywa sasa ni 220-1201 na 220-1202, lililoanza mwezi Machi mwaka huo huo.

Tofauti hiyo ya tarakimu inagusa mfuko. Cheti kimoja kinadai mitihani miwili, na kila mtihani unalipiwa peke yake. Nchini Marekani bei ya mmoja inapita dola 200. Anayeshindwa hapewi nafasi ya pili ya bure: analipa tena. Kwa familia ya Kongo iliyochanga pesa hizo kidogo kidogo, kuanguka kwa sababu ya kitabu kibaya ni hasara kubwa kuliko bei ya kitabu chenyewe.

Kuna sharti jingine ambalo wengi hawalitambui mapema. Mitihani miwili inapaswa kuwa ya toleo moja. Aliyefaulu 220-1101 lakini hakuwahi kufanya 220-1102 kabla ya kufungwa hawezi kukamilisha kwa 220-1202. Anaanza upya.

Je, kitabu cha zamani kitupwe?

Hapana. Ufundi wenyewe haubadiliki kila miaka mitatu. Namna ya kuweka kumbukumbu ya RAM, kutofautisha nyaya, kusoma anwani ya IP au kutafuta chanzo cha mashine isiyowaka ni ile ile. Ukilinganisha mitihani ya kwanza ya matoleo hayo mawili, sehemu ya mitandao imepanda kutoka asilimia 20 hadi 23, vifaa vya mkononi vimeshuka kutoka 15 hadi 13, na sehemu ya vifaa vya kompyuta imebaki 25. Kutafuta na kurekebisha hitilafu bado kunaongoza, kwa asilimia 28.

Mabadiliko yanaonekana zaidi katika mtihani wa pili. Microsoft ilimaliza kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo fundi wa leo anatakiwa kuijua vizuri Windows 11. Mambo ya msingi ya akili bandia pia yameingizwa. Sehemu ya mfumo endeshi na ile ya usalama zina asilimia 28 kila moja. Kwa maneno mengine, kitabu cha zamani kinafaa kujifunzia kazi, lakini hakitoshi kumpeleka mtu kwenye mtihani wa sasa.

Kipimo cha kwanza ni cha bure

CompTIA hutoa bila malipo orodha ya malengo ya kila mtihani, ikieleza mada kwa mada kile kinachoweza kuulizwa. Hiyo ndiyo inayopaswa kutafutwa kabla ya kitabu chochote. Msomaji anaweza kuichapa, kuweka alama kwenye anachokijua, kisha kufungua yaliyomo ya kitabu na kuona kama kinajibu yaliyobaki. Kitabu kisichoonyesha namba ya toleo kwenye jalada kinastahili kutiliwa shaka.

Baada ya hapo uchaguzi unategemea mtu anaanzia wapi. Vitabu vikubwa vya Sybex au McGraw Hill, vyenye zaidi ya kurasa 1,000, vinamfaa anayeanza kutoka sifuri na mwenye miezi kadhaa mbele yake. Kijana ambaye tayari anatengeneza kompyuta sokoni hahitaji kurasa zote hizo. Anajua kufungua mashine, lakini mara nyingi hajawahi kufundishwa mitandao kwa utaratibu, wala taratibu za kazi: kuandika ripoti ya hitilafu, kulinda taarifa za mteja, kuzungumza na mtumiaji aliyekasirika. Sehemu hiyo ya mwisho peke yake ni asilimia 21 ya mtihani wa pili. Huyo anafaidika zaidi na kitabu kifupi pamoja na kitabu cha maswali ya mazoezi.

Kwa asiye na pesa ya kitabu, video za Professor Messer zinafuata orodha ya malengo mada kwa mada na zinatazamwa bure. Gharama inabaki ile ya intaneti, jambo ambalo si dogo, lakini wanafunzi kadhaa wanaweza kuchangia bando na kutazama pamoja.

Inafaa pia kukumbuka nani anauza nini. Mwanzoni mwa mwaka 2025, jina la CompTIA na biashara yake ya mafunzo na vyeti vilipita mikononi mwa makampuni ya uwekezaji H.I.G. Capital na Thoma Bravo. Kampuni hiyo inauza mtihani, na pia inauza masomo yake ya matayarisho. Masomo hayo yanaweza kuwa mazuri, lakini hakuna sharti la kuyanunua ili kuruhusiwa kufanya mtihani.

Kikwazo cha lugha na mtego wa majibu

Kijana wa Kongo amesoma shule kwa Kifaransa, wakati vitabu vingi vya A+ vimeandikwa kwa Kiingereza, na toleo jipya la mtihani hutoka kwanza kwa lugha hiyo. Kutafsiri kitabu kizima hakumsaidii sana. Kinachosaidia ni kujifunza istilahi kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndizo atakazokutana nazo kwenye maswali yasiyozidi 90 ndani ya dakika 90.

Hatari kubwa zaidi ni faili zinazouzwa kama maswali halisi yaliyotolewa ndani ya mtihani. Mazoea ya kukariri items za Examen d'État yanawafanya baadhi waone hiyo ni njia ya kawaida. CompTIA inaikataza, na anayebainika anaweza kufutiwa matokeo na cheti. Tena, mtihani una maswali ya vitendo, ambapo mtahiniwa anapanga mtandao au kutatua tatizo kwenye skrini. Herufi zilizokaririwa hazimsaidii hapo.

Kitabu kizuri cha mazoezi hutambulika kwa jambo moja: kinaeleza kwa nini jibu ni sahihi, na kwa nini mengine si sahihi. Alama za kufaulu ni 675 kwa mtihani wa kwanza na 700 kwa wa pili, kwenye kipimo cha 100 hadi 900. Hazisomwi kama asilimia, kwa hiyo anayepata majibu saba kati ya kumi nyumbani asijihesabu amefika.

Cheti hudumu miaka mitatu kabla ya kuhitaji kuhuishwa. Hakichukui nafasi ya diploma, wala hakimhakikishii mtu kazi migodini, benki au katika mashirika ya kimataifa. Kinachompa ni uthibitisho unaosomeka vile vile Lubumbashi na nje ya nchi. Kabla ya kulipia, mambo matatu yanahitaji dakika chache tu: namba ya toleo kwenye jalada, orodha ya malengo, na kompyuta moja kuukuu ya kufungua na kufunga mpaka mikono izoee.