Nani Aamshwe Saa Nane Usiku?

Mpenzi msomaji, mwezi huu naomba tuachane kidogo na mambo ya zawadi na maua, tuongee kuhusu king'ora. Ndiyo, king'ora cha nyumbani, kile kisanduku cheupe ukutani ambacho wageni hudhani ni cha intaneti. Mkataba wetu na kampuni iliyokuwa inakisikiliza umeisha, tumehamia kampuni nyingine, na katika kuhama huko mimi na mume wangu tumebishana kuliko tulivyobishana wakati wa kuandaa harusi.

Hapa Kigoma nyumba zenye king'ora si nyingi. Wengi tunategemea mlinzi, mbwa, vipande vya chupa juu ya ukuta, na jirani mwenye masikio. Ukitaka kujua jirani ni nini, shuka Kibirizi au Katonga usiku wa giza. Wanaume wako ziwani wanavua dagaa, taa zao zimejipanga majini utadhani kuna mji mwingine upande wa Kongo, na nyumbani wamebaki akina mama na watoto. Pale ikipigwa yowe, hakuna anayeuliza mkataba unasemaje. Sisi tunaoishi nyuma ya geti na ukuta mrefu, yowe letu linaishia ukutani. Ndiyo maana tunamlipa mtu atusikilize.

Na hapo ndipo wengi wanapochanganya. King'ora chenyewe ni kelele tu. Unacholipia kila mwezi ni usikilizaji: mlango ukifunguliwa isivyo, au ukibonyeza kitufe cha dharura, kisanduku kinatuma taarifa kwa redio au kwa laini ya simu hadi chumba cha ulinzi cha kampuni, na mtu aliyekaa pale anapiga simu, kisha anatuma gari. Kwa hiyo bidhaa ni yule mtu, pamoja na karatasi iliyo mbele yake yenye majina ya watu wa kupigiwa.

Kampuni yetu ya zamani, ambayo jina lake naliacha, chumba chake kilikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hapa kwa reli. Usiku mmoja mwaka jana mume wangu alikuwa Bujumbura kikazi. Saa nane na kitu king'ora kikalia. Nikawavuta watoto na dada wa kazi chumbani kwangu, tukafunga mlango, nikashika simu nikisubiri. Haikulia. Kumbe walipiga namba ya kwanza kwenye karatasi, ya mume wangu, ambaye akishavuka mpaka pale Manyovu anatumia laini ya Burundi. Wakaandika kwamba mteja hapatikani, wakaishia hapo. Aliyekuja ni jirani, na msuli wake kiunoni na panga mkononi. Wavu wa dirisha la jikoni ulikuwa umechanwa na nondo moja imepindwa. Gari la kampuni lilifika alfajiri, dereva akaomba nisaini.

Jina langu lilikuwepo kwenye karatasi ile, jamani. La tatu, baada ya shemeji yangu wa Kasulu. Mume wangu aliijaza kabla hatujaoana, na kampuni haikuwahi kuuliza tena.

Sasa kampuni mpya ikaleta fomu yake. Mume wangu akachukua kalamu, nafasi ya kwanza akaandika jina lake.

"Baba watoto, wewe wiki mbili kwa mwezi uko Bujumbura."

"Mimi si ndiye mwenye nyumba?"

"Mwizi hamfuati mwenye nyumba. Anamkuta aliyepo."

Akacheka, lakini hakufuta. Nafasi ya pili akataka kaka yake. "Kaka ni mtu mzima, Mama watoto, ana busara zake."

"Shemeji namheshimu sana. Lakini yuko Kasulu. Busara zake zitafika asubuhi."

Kimya. Nilimwelewa, si kwamba sikumwelewa. Kwake ile orodha ilikuwa ya heshima: nani mkubwa, nani anafuata. Kwangu ilikuwa orodha ya nani anaweza kufika getini kabla nondo ya pili haijapindwa. Wanandoa wengi wanagombana hivi hivi kuhusu fomu za benki na za hospitali, ila za benki haziamshi mtu usiku.

Nikamsimulia habari ya Marie Van Brittan Brown. Alikuwa muuguzi, akiishi Queens, New York, zamu zake za ovyo ovyo na polisi wa mtaa wao wakichelewa kufika. Mwaka 1966, yeye na mumewe Albert, fundi wa vifaa vya elektroniki, waliomba hataza ya mfumo wa kulinda nyumba: kamera mlangoni, televisheni chumbani ya kumwona aliyegonga, na kitufe cha kuita msaada. Walipewa mwaka 1969. "Na jina la nani limeanza?" akauliza. La mke, nikamwambia. Maana ndiye aliyekuwa anabaki peke yake.

Aliyetuokoa ni fundi wa kampuni mpya, mtu wa Ujiji mwenye adabu zake. Akasema mbona fomu zinaweza kuwa mbili: moja ya mkataba na malipo, nyingine ya kuamshwa usiku. Mume wangu akawa wa kwanza kwenye ile ya mkataba. Mimi wa kwanza kwenye ya usiku, jirani mwenye panga wa pili.

Fundi huyo huyo akatuambia mambo ambayo ningependa kila anayehama ayajue. La kwanza, usikate huduma ya zamani kabla ya mpya kujaribiwa kwa kitufe, gari likafika, na wewe ukaangalia saa. Sisi tulizilipia zote mbili kwa wiki moja, na lile gari jipya lilitumia dakika 14. Pili, kisanduku kina namba ya fundi, inayofungua mipangilio yote. Kampuni inayoondoka isipoitoa, inayokuja inaweza kushindwa kukigusa, nawe ukauziwa kipya bure. Uliza pia laini ya simu iliyo ndani imesajiliwa kwa jina la nani, kwa sababu ikiwa ni la kampuni, siku mkiachana nayo inaondoka. Na betri! Umeme wetu mnaujua; betri ya ndani huchoka baada ya miaka kama mitatu hadi mitano, na yetu ilikuwa imekufa kimya kimya. Mjusi naye akipita mbele ya kile kijicho cha ukutani anaweza kukiliza king'ora, kwa hiyo safisha pembe zako. Maelekezo ya "nyumba yenye mwembe, ukipita msikiti" mpe mgeni wa chakula, kampuni ipe namba ya kibao kilichobandikwa wakati wa zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022.

Kisha tukafika kwenye namba za kuzimia king'ora. Fundi akazisoma: zilikuwa nne. Yangu, ya mume wangu, ya dada wa kazi aliyeondoka zamani. Na ya nne? Mume wangu akasema kwa sauti ndogo kwamba ni ya mchumba wake wa kabla yangu. Miaka sita, mpenzi msomaji, mtu ana uwezo wa kuingia kwangu na kukinyamazisha king'ora changu. Sikusema neno. Fundi akajifanya anatafuta bisibisi.

Ilifutwa pale pale, na mimi mwenyewe ndiye niliyebonyeza. Jioni tukaongea, tena kwa muda mrefu, na mengine hayo ni ya kwetu. Tukachagua pia ile namba ya kulazimishwa: ukishikwa na kuamriwa uzime, unaiingiza, kelele zinakoma lakini chumba cha ulinzi kinapata taarifa. Tumeiweka tarehe ambayo watu wawili tu duniani wanaikumbuka.

Nafasi ya tatu kwenye orodha ya usiku bado iko wazi. Yeye anamtaka wifi yangu wa Gungu. Mimi namtaka mama wa duka la hapo kona, ambaye halali kabla ya saa saba na simu yake haizimwi. Kampuni imetupa hadi Ijumaa.