Kisangani: Beseni la zamani si tatizo la kwanza

Baadhi ya nyumba za Makiso zilijengwa wakati mji huu ungali ukiitwa Stanleyville, kabla ya 1966. Anayekuta humo beseni la kuogea la rangi ya waridi au kijani hutamani kulivunja. Tusiharakishe. Beseni la chuma ambalo kutu haijalitoboa, fundi anaweza kulisugua na kulipaka upya. Ila vumbi lake laweza kuwa na madini ya risasi, sumu kwa ubongo wa mtoto: fundi avae maski, watoto wakae mbali.

Likiwa limetoboka, libadilishwe. Lakini kulijaza ni lita 150 hivi, karibu bidoni nane. Mji uko kati ya mto Kongo na Tshopo, na mama zetu bado wanabeba maji kichwani. Pesa ianze kwa bomba.