Majhuli Tunayemkataa Katika Hadithi na Kumpokea Katika Simu

Tarehe 21 Mei 2016 makundi mawili yalikabiliana mbele ya kituo cha Kiislamu mjini Houston, katika jimbo la Texas, Marekani. Upande mmoja walisimama waliokuja kupinga kile walichokiita kusilimishwa kwa Texas. Upande wa pili wakasimama waliokuja kuutetea Uislamu. Kila upande uliitwa na ukurasa wa Facebook: wa kwanza ukijiita Heart of Texas, wa pili United Muslims of America. Tarehe 1 Novemba 2017 ikabainishwa hadharani, mbele ya Kamati ya Ujasusi ya Seneti ya Marekani, kwamba kurasa zote mbili ziliendeshwa na watu wa kampuni moja iliyokuwa St. Petersburg, Urusi, waliolipwa mshahara kwa kazi hiyo. Matangazo ya kuwakusanya watu siku ile yaligharimu kiasi cha dola 200 tu.

Aliyewahimiza Waislamu watoke hakuwa jirani yao, wala aliyewahimiza wapinzani wao hakuwa mtu wa Texas. Hata jina la United Muslims of America lilikuwa limeibwa kwa jumuiya halisi ya nchini humo. Lakini chuki dhidi ya Waislamu wa Marekani si jambo la kubuni, na hapa ndipo penye ujanja. Mpotoshaji hana haja ya kuzua kila kitu. Hutafuta jeraha lililopo, akalitonesha.

Wapo miongoni mwetu watakaosema kwamba hizi ni tuhuma za Marekani kwa mahasimu wake. Wapo pia, na hawa ni wengi zaidi, wanaodhani kwamba kwa kuwa Marekani imewadhulumu Waislamu, basi kila asemaye dhidi yake ni mkweli. Wote wawili tunawaomba wasikilize kisa cha pili.

Mwezi Juni 2024 shirika la habari la Reuters lilifichua kwamba jeshi la Marekani liliendesha kwa siri, kuanzia mwaka 2020 hadi katikati ya 2021, kampeni ya kuiponda chanjo ya Korona ya Sinovac kutoka China. Nchini Ufilipino zilitumika akaunti zisizopungua 300 zilizojifanya kuwa za wenyeji. Waislamu wa Asia ya Kati na Mashariki ya Kati waliandaliwa chambo chao mahsusi: walitiwa hofu kwamba chanjo za China huenda zina jelatini ya nguruwe, na kwa hivyo ni haramu. Afisa wa ngazi ya juu wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani alikiri kwamba jeshi lilifanya kazi ya kuichafua chanjo hiyo.

Tangu lini Pentagon ikawa na mufti? Mwenye kutaka kujua hukumu ya sharia huwauliza wanazuoni, nao huchunguza kwanza. Ndivyo lilivyofanya Baraza la Maulamaa la Indonesia: lilituma wakaguzi wake hadi kiwandani China, na mwezi Januari 2021 likatoa fatwa kwamba chanjo ya Sinovac ni tohara na halali. Wengine walitosheka na picha na maneno matatu yaliyoandikwa na askari aliyejificha nyuma ya jina la kubandika.

Amri ya kuthibitisha khabari imo katika Suratul Hujurat, aya ya 6, na hapana mwanafunzi wa madrasa asiyeijua. Katika elimu ya hadithi tunawafundisha vijana kwamba majhuli, yaani msimulizi asiyejulikana, riwaya yake haichukuliwi, hata kama maneno yake ni mazuri na yanaliza. Kisha darasa likimalizika tunafungua simu, na majhuli mmoja anatusimulia habari za Gaza, mwingine za Sudan, nasi tunazipeleka mbele kabla ya kuzimaliza kusoma. Mengine hufika mpaka juu ya mimbari! Tukiulizwa, tunajibu kwamba aliyetutumia ni mtu mwaminifu. Naam, ni mwaminifu, lakini yeye amepokea kwa nani? Mwaminifu akipokea kwa asiyejulikana, sanadi imekatika palepale.

Basi tuulize. Ukurasa huu ulianzishwa lini, na uliwahi kubadili jina? Picha hii ni ya mwaka huu, au ni ya vita vingine? Tukio hili limeelezwa na yeyote aliyekuwapo? Na ujumbe unaotaka tughadhibike sasa hivi na tuusambaze sasa hivi, huo ndio wa kuuweka kando hadi kesho.

Hatuwasemi wengine tukajiacha. Wakati wa Korona sisi wenyewe tulipokea ujumbe kuhusu chanjo kutoka kwa rafiki tunayemheshimu, tukauingiza katika kundi la wazazi wa madrasa bila kuuliza umetoka wapi. Siku ya tatu daktari mmoja, ambaye mwanawe tunamfundisha, alituuliza chanzo chake, nasi hatukuwa na jibu. Tuliufuta, lakini hatukuandika mle kundini kwamba tulikosea. Wazazi waliokwishausoma walibaki nao, na pengine wapo waliousambaza kwa sababu umetoka kwa mwalimu.