Vidonge Havishiki Mahali pa Matone

Muungwana aliyeandika kwamba glakoma ni madhara ya oksijeni tu ndani ya jicho, na kwamba kwa sababu hiyo mgonjwa aache dawa ya matone ashike vidonge vya vitamini, ameokota nusu ya ukweli akaitolea hukumu nzima. Ni sahihi kwamba sumu zizaliwazo na oksijeni huharibu chujio ambamo maji ya jicho hupita yakitoka, na huzidhuru seli za neva zipelekazo habari za nuru ubongoni. Hayo wataalamu hawayakani. Lakini ushahidi kwamba vidonge huitibu glakoma u wapi? Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 ulidhihirisha kwamba, miongoni mwa wenye shinikizo kubwa la macho, waliotiwa matone walipatwa na glakoma kiasi cha 4.4 kwa mia katika miaka mitano, na wasiotiwa 9.5. Ama vidonge vya vitamini vilivyosifika mwaka 2001, hivyo vilifaa kwa maradhi ya uzee yaharibuyo kitovu cha retina, maradhi mengine kabisa. Mboga na matunda mgonjwa na ale, wala simzuii; ila matone asiyaache, kwani nuru iliyokwisha kupotea kwa glakoma hairejei.